Kutoka Dar es Salaam hadi Kongamano la Dini Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili wa Maandalizi

Waumini wengi wanaokosa kongamano la kimataifa la dini hawakosi nia, na mara nyingi hata nauli wanayo. Hukwamishwa na karatasi, kwa sababu karatasi hizo zilianza kutafutwa baada ya mialiko kufika, wakati ambapo muda uliobaki ulitosha kwa shughuli moja tu kati ya tatu zilizohitajika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo: Mkatoliki anayetazamia Siku ya Vijana Duniani itakayofanyika Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027, au Kongamano la Kimataifa la Ekaristi la Sydney mwaka 2028, Mwahmadiyya anayetaka kuhudhuria Jalsa Salana ya Uingereza, yaani mkutano mkuu wa jumuiya yake, ambao hufanyika kila mwaka wakati wa kiangazi, Mpentekoste anayekwenda Nigeria kwenye mikesha mikubwa ya Desemba, na mwingine yeyote ambaye jumuiya yake imepata mwaliko. Hija ya Makka ina utaratibu wake wa mgao na taasisi zilizosajiliwa, kwa hiyo haimo humu.

Yapo maswali matatu ambayo afisa wa viza hujiuliza anapofungua faili la mtu anayekwenda kusali ugenini: anakwenda kufanya nini hasa, nani analipa, na kitu gani kitamrudisha nyumbani. Kila karatasi utakayoitafuta inapaswa kujibu mojawapo ya maswali hayo, na pasiwe na karatasi mbili zinazojibu swali moja kwa majibu tofauti. Barua ya mwaliko, ambayo wengi huiona kama ndiyo viza yenyewe, hujibu swali la kwanza peke yake.

Hatua ya kwanza: fahamu unakwenda kama nani

Kabla ya kuomba ruhusa kazini au kutangaza michango, ulizia utaratibu wa ushiriki. Makongamano mengine humpokea yeyote aliyejisajili na kulipa ada, mengine huwapokea wajumbe waliotumwa tu. Kwa Siku ya Vijana Duniani, ambayo hulenga hasa vijana wa miaka 16 hadi 35, njia salama ni kupitia idara ya vijana ya parokia na jimbo, kwa kuwa makundi ndiyo hupangiwa malazi, chakula na katekesi, yaani mafundisho ya dini, kwa lugha yao. Mashahidi wa Yehova huwapata wajumbe wa makusanyiko yao ya kimataifa kupitia mpangilio wa jumuiya yenyewe. Mikutano mikuu ya mashirikisho ya makanisa, kama ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo liliwahi kufanyia mkutano wake mkuu hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1977, hupokea wajumbe waliochaguliwa na makanisa wanachama, wala hakuna muumini anayeweza kujinunulia nafasi ya ujumbe.

Hapo ndipo matapeli hupenyea. Mtu anayekuahidi nafasi ya mjumbe kwa malipo ya mkononi, anayekwambia viza imeshahakikishwa, au anayekuletea barua ya mwaliko kutoka kwa kanisa ambalo askofu wako wala sheikh wako hajawahi kulisikia, hastahili kupewa hata nakala ya pasipoti yako. Hakiki mwaliko kwa kuwasiliana na waandaaji kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao rasmi, kamwe usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua unayoitilia shaka. Ikiwa safari inaambatana na ahadi ya kazi "baada ya kongamano", basi hiyo si safari ya ibada, na huenda ni mtego wa biashara haramu ya binadamu.

Hatua ya pili: hesabu siku kwa kurudi nyuma

Chukua tarehe ya ufunguzi wa kongamano, kisha urudi nyuma. Tuseme unakwenda Seoul. Ufunguzi ni tarehe 3 Agosti 2027, na makundi mengi huwahi siku kadhaa kwa ajili ya siku za majimboni zinazotangulia tukio kuu, kwa hiyo safari yenyewe itaangukia mwishoni mwa Julai. Maombi ya viza yawe yameshawasilishwa kufikia Mei au mwanzoni mwa Juni. Ili maombi yakamilike Mei, taarifa za benki za miezi sita zinapaswa kuonyesha maisha ya kawaida ya fedha tangu Novemba au Desemba 2026, na hilo ndilo jambo ambalo haliwezi kutengenezwa dakika za mwisho. Pasipoti, kwa hesabu hiyo, ipatikane kabla mwaka 2026 haujaisha.

Anayeanza miezi minne kabla ya kongamano bado anaweza kufanikiwa, lakini atakuwa akiombea kila ofisi isichelewe.

Hatua ya tatu: pasipoti na majina

Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, ada yake kwa mtu mzima ni shilingi 150,000. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, mwombaji hupewa namba ya malipo ya serikali, hulipa kwa benki au kwa simu, kisha huchapisha fomu na kwenda nayo ofisini pamoja na viambatisho kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kwa wakazi wa jiji, wengi huelekea ofisi ya Uhamiaji ya Kurasini. Viambatisho vya msingi ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, uthibitisho wa uraia wa mzazi na ushahidi wa safari, na kwa safari kama hii barua ya jimbo, dayosisi au jumuiya ndiyo ushahidi wa safari.

Anayekuwa na pasipoti tayari aikague leo. Iwe na muda wa miezi sita au zaidi baada ya tarehe ya kurudi, kwa sababu nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege hudai hivyo, na iwe na angalau kurasa mbili tupu.

Jambo linalowaumiza watu wengi hapa ni majina. Mtu alizaliwa akaandikishwa kwa jina moja katika RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, akabatizwa jina la pili, shuleni akatumia la babu, na jumuiyani anajulikana kama Mama fulani. Barua ya parokia inapoandikwa kwa jina la ubatizo, taarifa ya benki kwa jina la shule, na pasipoti kwa jina la cheti cha kuzaliwa, faili moja linakuwa na watu watatu. Waombe wote wanaokuandikia barua watumie jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na pale ambapo tofauti haiwezi kuondolewa, tafuta hati ya kiapo kwa wakili au hati ya kubadili jina mapema. "Mohamed" na "Mohammed" kwetu ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta wa ubalozi ni wawili.

Hatua ya nne: barua

Barua zinazohitajika kwa kawaida ni tatu au nne, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya mwenyeji, yaani waandaaji wa kongamano. Itaje jina lako kamili, namba ya pasipoti, tarehe za tukio, mahali utakapolala, na nani anabeba gharama gani. Barua inayosema tu kwamba "tunawaalika ndugu zetu wa Tanzania" haina nguvu kwa sababu haimtaji mtu. Waandaaji wa matukio makubwa hutoa barua hizo baada ya usajili na malipo ya ada, kwa hiyo usajili hauna budi kutangulia.

Ya pili ni ya jumuiya yako hapa nyumbani: paroko, mchungaji kiongozi, imamu au ofisi ya jimbo. Hii wengi huichukulia kirahisi, wakaandika mistari minne yenye baraka nyingi na habari chache. Barua nzuri hueleza umekuwa mshiriki tangu lini, una wajibu gani, kwa nini wewe ndiye umetumwa, na utarudi kufanya nini. Katibu wa vijana wa parokia ambaye atawasilisha taarifa ya kongamano kwenye mkutano wa dekania, yaani kundi la parokia jirani, mwezi Septemba ana sababu ya kurudi ambayo inasomeka. Muumini "mwaminifu na mcha Mungu" hana, hata kama ni mcha Mungu kweli.

Ya tatu ni ya mwajiri, ikieleza cheo, mshahara, tarehe ulizopewa likizo na siku unayotarajiwa kurudi kazini. Mtumishi wa umma apate kibali cha mwajiri wake cha kusafiri nje ya nchi na akiambatishe. Aliyejiajiri aweke leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA na, kama jina la biashara limesajiliwa, cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mama lishe wa Tandika au fundi wa Keko ambaye hana hayo yote asikate tamaa mapema: mkataba wa fremu, taarifa za miamala ya simu, hati au mkataba wa nyumba, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki nyumbani, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, vikipangwa vizuri, huonyesha maisha yaliyosimama. Mwanafunzi aombe barua ya chuo inayotaja mwaka wa masomo na tarehe ya kufungua muhula.

Karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama barua ya serikali ya mtaa, zitafsiriwe katika lugha ambayo ubalozi unaikubali. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri yenye muhuri wake, na tafsiri ya namna hiyo huepusha maswali yanayokuja pale mpwa wako anapoitafsiri barua usiku wa kuamkia siku ya miadi.

Hatua ya tano: fedha, na ushahidi wake

Hapa ndipo maombi mengi huanguka, na ndipo desturi zetu nzuri zinapogongana na macho ya afisa wa viza. Sisi huchangiana. Fedha hukusanywa kwa kadi za michango, kwa harambee baada ya misa ya pili, kwa kundi la WhatsApp, kisha yote humiminwa kwenye akaunti ya msafiri wiki moja kabla ya maombi. Afisa anachokiona ni akaunti iliyokuwa ikikaa na shilingi elfu themanini, ambayo ghafla imepokea milioni tisa. Hajui habari za harambee. Anadhani fedha zimekopwa ili zipigwe picha.

Dawa yake ni kuifanya michango isomeke. Michango ya kundi ikae kwenye akaunti ya parokia, msikiti au kamati, na jumuiya hiyo iandike barua ya udhamini inayotaja kiasi ilichotenga kwa kila msafiri, ikiambatishwa na taarifa ya akaunti hiyo. Michango inayokwenda kwa mtu mmoja moja ianze kuingia mapema, kidogo kidogo, na iwe na orodha ya wachangiaji na stakabadhi. Anayedhaminiwa na ndugu, tuseme kaka yake aliyeko Mwanza, aweke barua ya kaka, nakala ya kitambulisho chake, taarifa ya benki yake na uthibitisho wa undugu. Usikope fedha ili kunenepesha akaunti. Ukiulizwa zilikotoka utalazimika kusema uongo, na uongo ndani ya maombi ya viza unaweza kukufungia mlango kwa miaka mingi.

Bajeti yenyewe iandikwe kwenye ukurasa mmoja: ada ya usajili, viza, bima, nauli, malazi, chakula cha siku zisizogharamiwa na waandaaji, usafiri wa ndani na akiba ya dharura. Wengi husahau siku za kungoja ndege na siku moja kabla na baada ya kongamano, ambazo hakuna kantini ya waandaaji inayozihudumia.

Kiongozi wa kundi anayebeba fedha taslimu za wote ana sheria ya kuzingatia. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi zinapaswa kutamkwa forodhani wakati wa kutoka Tanzania, na nchi nyingi unakoingia zina kiwango kinachokaribiana na hicho: euro 10,000 kwa Umoja wa Ulaya, pauni 10,000 kwa Uingereza. Kundi la watu ishirini hufika hapo bila kutambua. Ni heri kila mmoja abebe zake, na nyingine ziwe kwenye kadi ya benki iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje. Fedha za kigeni zinunuliwe benki au duka lenye leseni, na risiti itunzwe.

Hatua ya sita: viza, nchi kwa nchi

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45. Bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Kama kongamano linahusisha nchi mbili, omba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wanaotaka kuunganisha kongamano na ziara ya Roma au Fatima waiandike ziara hiyo kwenye ratiba. Ratiba inayoonyesha siku nne za kongamano ndani ya maombi ya siku ishirini, bila maelezo ya siku kumi na sita zilizobaki, huharibu jibu la swali la kwanza.

Uingereza huruhusu kuomba viza ya mgeni kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na uamuzi hutarajiwa ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa Jalsa Salana, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Julai, maana yake ni kwamba faili liwe tayari Aprili ili maombi yatumwe mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Mei. Korea Kusini ina ubalozi wake hapa jijini, na Mtanzania huhitaji viza kabla ya kusafiri.

Marekani inahitaji tahadhari ya pekee. Mwaka 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za B-1 na B-2, yaani za wageni wa shughuli fupi na matembezi, wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, na amri ya rais iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026 ikabana zaidi utoaji wa viza hizo kwa Watanzania. Ada ya maombi, dola 185, hairudishwi viza ikikataliwa. Kamati isianze kuchangisha kwa ajili ya kongamano la Marekani kabla ya kusoma tovuti ya ubalozi siku hiyo hiyo inapokaa kikao.

Kwenye usaili, jibu kwa ufupi na kwa maneno yako mwenyewe. Kundi zima likikariri jibu moja, afisa wa tatu kulisikia atajua. Uwe unafahamu kaulimbiu ya kongamano, mji, siku, mahali pa kulala na anayelipa. Ukiulizwa kama una ndugu huko, sema kweli. Viza ikikataliwa, soma sababu zilizoandikwa kwenye barua ya kukataliwa kabla ya kuomba tena; kuwasilisha faili lile lile mara ya pili ni kulipia jibu lile lile.

Jambo moja huwapata wanakwaya. Viza ya mgeni huruhusu kuhudhuria na, mara nyingi, kuimba kwenye ibada ya kongamano. Hairuhusu kuuza. Masanduku mawili ya vitenge, vinyago na nakala za albamu yanaweza kuufanya ujumbe wa kwaya uonekane kama safari ya biashara, na Uingereza, kwa mfano, humkataza mgeni kuuza bidhaa moja kwa moja kwa umma.

Hatua ya saba: tiketi na njia

Kabla ya viza, weka nafasi ya ndege bila kulipa tiketi kamili, isipokuwa tiketi inaweza kurejeshewa fedha. Baada ya viza, nunua tiketi moja inayofika hadi mwisho wa safari. Tiketi mbili tofauti zilizounganishwa kwa bei nafuu maana yake ni kwamba, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako, na pengine utalazimika kuingia nchi ya kati ili kuchukua mzigo, jambo linalohitaji viza yake. Kutoka Dar es Salaam njia za kawaida hupitia Addis Ababa, Nairobi, Doha, Dubai au Istanbul. Ukipangiwa kupita London, fahamu kwamba Mtanzania huhitaji viza ya kupita Uingereza hata kama hatoki ndani ya uwanja, isipokuwa awe na kibali kinachomsamehe.

Soma saa za tiketi kwa makini. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, kwa hiyo 03:40 ya tarehe 30 Julai ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 30, na msafiri anapaswa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 29. Kiongozi wa kundi aandike saa hizo kwa Kiswahili, pamoja na siku ya kutoka nyumbani, na amtumie kila mmoja. Asiridhike na picha ya tiketi.

Hatua ya nane: chanjo, dawa na bima

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Nigeria huidai. Hata pale ambapo nchi unakokwenda haiidai, nchi unayopitia inaweza kuidai, kwa hiyo ni busara kuwa nayo. Ichomwe kwenye kituo kinachotambuliwa na Wizara ya Afya, na jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti. Kununua kadi bila kuchomwa sindano, jambo ambalo wapo wanaolifanya waziwazi, ni kosa la jinai na pia ni kujiweka kwenye hatari ya ugonjwa usio na tiba mahususi.

Anayetumia dawa za presha, kisukari au ugonjwa mwingine wa kudumu abebe za siku zote pamoja na ziada ya wiki moja, ndani ya mfuko wa mkononi, zikiwa kwenye vifungashio vyake na barua ya daktari. Dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, hivyo wanaopitia Dubai waangalie maboksi yao ya dawa za maumivu na kikohozi.

Usidharau hali ya hewa. Agosti Korea ni joto lenye unyevunyevu na mvua kubwa. Jambori ya skauti duniani iliyofanyika Saemangeum mwezi huo mwaka 2023 ilishuhudia vijana wengi wakiugua kwa joto, na mwishowe kambi nzima ikahamishwa kwa sababu ya kimbunga. Mtu wa Dar es Salaam hudhani joto amelizoea, lakini hajazoea kutembea kilomita nyingi juani na kulala uwanjani usiku wa mkesha. Kofia, koti jepesi la mvua, chupa ya maji na viatu vilivyokwisha kuvaliwa vya kutosha ni vya lazima. Jalsa ya Uingereza kwa upande wake hufanyika shambani karibu na Alton, Hampshire, ambako jioni ya Julai inaweza kumtetemesha mtu wa pwani na mvua ikageuza njia kuwa tope.

Hatua ya tisa: mzigo

Nyama na bidhaa za maziwa haziruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mzigo wa msafiri kutoka kwetu, na Australia hudai chakula chochote kitamkwe, la sivyo faini yake ni kubwa. Samli ya bibi ibaki nyumbani. Betri za akiba za simu hubebwa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini. Soketi za Uingereza ni kama zetu. Za Korea na sehemu kubwa ya Ulaya ni za pini mbili za duara. Pasipoti, barua ya mwaliko, uthibitisho wa usajili, anwani ya malazi, tiketi ya kurudi, bima na kadi ya chanjo vikae kwenye mfuko mmoja wa mkononi, na nakala zake zibaki kwa katibu wa jumuiya.

Hatua ya kumi: kundi, na habari ya kuzamia

Lazima lisemwe, hata kama kwenye vikao vya maandalizi huwa linapitwa kwa kikohozi. Wapo wanaojiunga na safari za ibada wakiwa wamekusudia kuzamia, yaani kubaki huko bila kibali. Mmoja akitoweka siku ya tatu, waliobaki huhojiwa, kiongozi aliyetia saini barua huitwa, na mwaka unaofuata barua ya parokia hiyo, au ya msikiti huo, husomwa kwa mashaka na ubalozi ule ule. Wanaoumia ni vijana ambao hawakuwahi kumfahamu mzamiaji.

Kwa hiyo kamati ichuje kabla ya kutia saini. Aliyejiunga na jumuiya mwezi uliopita na yuko tayari kulipa zaidi ya wengine asipewe barua kwa sababu tu ana fedha. Kila msafiri atie saini makubaliano ya kurudi pamoja na kundi, akishuhudiwa na mzazi au mwenzi wake. Viongozi wasikusanye na kuzificha pasipoti za watu wazima kama njia ya kuwadhibiti. Pasipoti ni ya mwenye nayo, na kumnyima ni kosa katika nchi nyingi. Kwa walio chini ya miaka 18, iwepo idhini ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya kumi na moja: uwanjani na upande wa pili

Ndege nyingi za kimataifa huondokea Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Fika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, ukikumbuka kwamba Barabara ya Nyerere saa za jioni ina hesabu zake. Kusindikizwa na kwaya ni heshima, lakini wasindikizaji wabaki nje mapema ili wasafiri wasiingie wakikimbia.

Unapoingia nchi ya ugeni, afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza maswali yale yale matatu. Jibu kwamba umekuja kuhudhuria kongamano, taja mji na siku, onyesha anwani na tiketi ya kurudi. Kusema umekuja "kufanya kazi ya Mungu" kunaweza kueleweka kama kazi ya ajira, hivyo maneno ya kawaida yanatosha. Ukifika, kabidhiwa beji, hakikisha unalijua kundi lako la lugha, na uandike kwenye karatasi anwani ya malazi kwa lugha ya nchi hiyo, kwa sababu simu huzima. Wekeni mahali pa kukutania kila siku iwapo mtu atapotea; katika umati wa laki kadhaa mtandao wa simu huelemewa.

Hatua ya kumi na mbili: kurudi

Ondoka kabla ya siku ya mwisho ya ruhusa uliyopewa, ambayo wakati mwingine ni fupi kuliko muda ulioandikwa kwenye viza. Tunza vishina vya tiketi za kupandia ndege, maana mfumo mpya wa mipakani wa Schengen husajili kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha bila kugonga muhuri, na vishina hivyo vitakusaidia ukihitaji kuthibitisha kwamba ulitoka kwa wakati. Ndani ya wiki mbili baada ya kurejea, kamati iwasilishe kwa wachangiaji hesabu yenye risiti, na katibu aweke kwenye faili moja nakala za viza zote, uthibitisho wa kurudi wa kila mjumbe na nakala ya barua zilizotumika, ili atakayeandika barua za kongamano lijalo aanzie hapo.